Mpiga Picha Alisimama Wapi

Picha ya kwanza ilikuwa ya mlima wenye theluji, na mimi sikuipenda.

Nauza vitenge sokoni Bariadi, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini kitu kwa kukitazama tu. Kitenge feki hung'aa kuliko halisi. Ukitaka kukijua, lowanisha pembe yake, ifikiche na kitambaa cheupe, uone kama kinatoa rangi. Picha ile ilikuwa inang'aa. Iliingia kwenye kundi letu la familia la wasapu asubuhi wakati natandaza biashara: kilele cheupe kimekaa juu ya mawingu, chini yake mashamba yamekatwakatwa vipande vidogo, na chini ya picha maneno mawili, "Leo hapa." Aliyeituma ni mdogo wangu wa mwisho, ambaye hatukuwa tumeisikia sauti yake tangu baba azikwe.

Huyu mdogo wangu aliondoka nyumbani kwetu Ipililo akiwa kijana wa kunyoa ndevu mbili tatu. Akatuambia amepata kazi kwenye kampuni ya simu. Sisi tukamweka kichwani mwetu kwenye kiti, nyuma ya kioo, feni inampepea, anasajili watu laini. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na yeye hakueleza. Baba alipofariki tulimpigia hapatikani, tukampigia tena hapatikani, na maiti hasubiri mtandao. Alipokuja kupatikana, kaburi lilikuwa limeshafungwa na watu wameshaanza kurudi makwao.

Hapo ndipo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alipochukua simu na kuweka sauti kwenye kundi, kila mtu asikie: mtoto asiyetupa udongo kwenye kaburi la baba yake hana mlango katika mji huu, yaani kaya yetu. Aliisema kwa Kisukuma, na Kisukuma kikisema jambo kama hilo hakilipaki sukari. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakupokea simu ya mtu. Ukipiga inaita mpaka inachoka. Zikaanza kuja picha.

Baada ya mlima lilikuja jiwe la Mwanza, lile la ziwani linalojulikana na kila mtu, ila limetazamwa kutoka juu mpaka mitumbwi imekuwa kama maganda ya karanga. Yakaja maghorofa ya Dar es Salaam, barabara zikipita katikati yake chini kabisa, hata mimi niliyekaa kwenye kigoda nikasikia nyayo zinanitekenya. Likaja daraja. Ukaja mlima unaotoa moshi kule Umasaini. Kila picha na maneno yake mawili, "Leo hapa," na hakuna hata moja iliyokuwa na mtu. Hakuna uso, hakuna kiatu, hakuna hata kivuli.

Kundi lililokuwa limekufa likafufuka. Binamu yangu wa Mwanza, anayefanya kazi ofisini na hawezi kuona swali likipita bila kulijibu, akawa ndiye mwalimu wetu. Ikiingia picha tu anaeleza: huu mlima upo upande huu, ule moshi ni volkano, na hii imepigwa kwa droni. Watu wanaweka alama za makofi. Mimi nilisoma yote hayo huku natafuna mdomo.

"Droni ya kwake aipate wapi?" niliandika. "Hizi ameziokota mtandaoni. Picha za kuiba hizi."

Baba mdogo yeye hakuamini droni wala wizi. Alitoa maoni yake siku aliyopita dukani kwangu, akiwa ameegemea fimbo, akiitazama ile picha ya maghorofa kwenye simu yangu kwa muda mrefu.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "aliyepiga hii alisimama wapi?"

"Sijui, baba."

"Hakuna pa kusimama hapo. Tazama vizuri. Hapo ni hewani. Hii kapiga ndege, au kapiga mtu aliyepanda ungo." Akashusha sauti, maana sokoni kuna masikio. "Na kwa nini hasemi? Picha anatuma, sauti hatoi. Unajua ni nani asiyetoa sauti."

Nilijua. Kwetu hakuna asiyejua. Msukule, mtu aliyechukuliwa na wachawi akafichwa alime mashamba yao, hukatwa ulimi asije akataja waliomchukua. Mimi ni Mkatoliki, napokea komunyo, na nilimwambia baba mdogo hayo ni mambo ya giza. Lakini usiku ule niliipiga namba ya mdogo wangu, ikaita mpaka ikakatika, na nikachukia kwamba nilipiga.

Nataka nieleweke: baba mdogo naye nilimshuku. Mzizi wa maneno yake niliuona upo zizini, kwenye ng'ombe wa baba ambao mama alikataa wasigawanywe mpaka mwanawe wa mwisho asimame langoni. Lisemwalo lipo, wanasema, lakini mara nyingine lipo kwa sababu linamfaa msemaji. Basi niliwashuku wote, wa ungo, wa droni na wa picha, nikaona ndiyo salama.

Mama peke yake hakuwa na maoni juu ya milima. Nikienda nyumbani alinitaka nimfungulie picha zote, moja moja. Anaisogeza simu karibu na jicho lake zima, anapitisha kidole, picha inaponyoka inakuja nyingine, anaisonya simu. Mwanzoni nilidhani anashangaa vilele. Baadaye nikaelewa kwamba anatafuta kwenye mawe, kwenye mapaa, kwenye kingo za picha, kama kuna mtu.

"Wewe ndiye unayejua feki," aliniambia siku moja. "Niambie. Ni yeye?"

Nilimwambia sijui. Nisingeweza kumdanganya mama, wala sikuwa na pembe ya kulowanisha.

Kabla ya mavuno ya pamba baba mdogo akaitisha kikao cha ukoo na kutoa neno. Mtu asiyeonekana wala kusikika asiachwe akining'inia. Tukimaliza kuchuma, zichukuliwe nguo zake zilizobaki, zizikwe pembeni ya kaburi la baba, msiba uishe. Zilikuwepo nguo zake, shati la shule na suruali moja, kwenye sanduku la bati la mama. Na mtu akishazikwa nguo, kwetu amekufa. Hata akija kesho na miguu yake, hakuna wa kumpokea, maana anayempokea anampokea maiti. Mama alisikiliza yote, kisha akainuka akaenda kukalia lile sanduku.

"Kama yu hai anaijua njia ya kurudi," alisema kutoka huko ndani. "Njia yake ni maji."

Hiyo ni desturi ya mji wetu. Mtoto aliyekosa kumzika mzazi haingii moja kwa moja. Anasimama nje ya ua wa minyaa na kuomba maji. Dada mkubwa wa mji anamtolea kwenye kata ya kibuyu. Anakunywa, yanayobaki anamwagiwa miguuni, kisha anapelekwa kaburini kwanza kabla ya kusalimia watu. Mpaka amwagiwe, hasemi neno jingine. Na akinyimwa maji, amefukuzwa na mji, si na mtu. Dada mkubwa ni mimi.

Nilifunga biashara nikaenda Ipililo kusaidia kuchuma. Nyuma ya mji wetu, juu ya kilima cha mawe, kuna mnara wa simu. Umesimama pale miaka na sisi tulishausahau kama mtu anavyosahau pua yake. Siku moja nimetoka shamba mchana, mgongo unaniuma, mama kaenda kwenye sala za jumuiya. Nilitandaza pamba kwenye turubai uani ikauke, nikachota maji kwenye beseni langu la bluu, nikaingia bafuni. Bafu letu ni la matete, halina paa. Tangu lijengwe waliokuwa wanatuona humo ni Mungu na mwewe. Nimejipaka sabuni, nikainua uso kujimwagia, na kule juu ya mnara nikaona mtu.

Alikuwa amening'inia kwa mikanda, kofia nyekundu kichwani, na hakuwa anatazama mnara. Alikuwa anatazama mji wetu.

Sijui nilivaaje. Nilijikuta katikati ya ua, kitenge cha njano kifuani, povu shingoni, namtukana mtu aliye juu. Nilimtukana yeye na kampuni yake. Kwa umbali ule sidhani hata neno moja lilimfikia. Wakati bado napumua kutafuta la kuongeza, nikasikia hodi kwenye minyaa. Kijana mrefu, mgeni kabisa kwangu, Kiswahili chake cha pwani, amevua kofia kama hiyo hiyo nyekundu.

"Shikamoo, mama. Samahani. Tunaomba maji."

"Maji?" nilisema. "Mmeshaoga kwa macho, bado mnataka na ya kunywa!"

"Siyo mimi, mama. Yule mwenzangu aliye juu ndiye kaniomba nije niombe kwa niaba yake. Kasema niombe kwa dada wa hapa."

"Ndiyo mtindo wenu? Mmoja anachungulia, mwingine anaingia uani kuhesabu mbuzi?" Nilishika kiuno, nikanyoosha kidole kwenye barabara. "Maji hakuna. Toka!"

Aliinua macho kule juu, akapunga mkono mara moja, taratibu, akaondoka. Jioni gari lao lilishuka kilimani, nami nikawahesabu mbuzi. Walikuwa wote.

Kesho yake asubuhi tumekaa kwenye turubai na mama tunachambua pamba, simu ikalia. Picha. Safari hii haikuwa na maneno yale mawili wala neno lolote.

Haikuwa ya mlima wala ya ghorofa. Ilikuwa ya karibu na ardhi kuliko zile, imepigwa kutoka juu kuelekea chini: duara la kijani, ndani yake vipande vya kahawia, doa jeupe la pembe nne, na mtu mdogo mmoja. Kundi likaamka.

Binamu alikuwa wa kwanza. Alieleza kwamba lile doa jeupe ni chumvi, kwa hiyo hapo ni kule Ziwa Eyasi, chini ya Meatu. Baba mdogo akaweka sauti: hilo ni boma la Wamasai, tazameni lilivyo la mviringo, na huyo mtu hapo katikati ni mwanamke. Mimi nilikuwa bado na hasira za jana na nikazimalizia hapo. Niliandika: "Chumvi au siyo chumvi, picha ni ya kuiba tu. Na huyo mwanamke naye ana jeuri. Oneni alivyoshika kiuno."

Watu wakacheka. Mama akasikia nacheka nao, akasema, "Nionyeshe."

Nikamsogezea. Nikaikuza kwa vidole viwili kama anavyopenda, nikianza na pembeni, maana yeye hupenda kuanza pembeni. Kulikuwa na kitu cha bluu, cha mviringo, kando ya kijumba kisicho na paa. Nilikitazama. Nikainua macho, nikalitazama beseni langu, lililokuwa limeegemezwa palepale kwenye matete. Nikarudi kwenye simu. Nikasogeza picha kidogo. Doa jeupe lilikuwa na pembe moja iliyojikunja, na mama alikuwa amekalia pembe hiyo hiyo ya turubai. Karibu na zizi, msalaba wa saruji wa kaburi la baba. Nikafika kwa yule mwanamke. Kitenge cha njano. Mkono mmoja kiunoni, na mwingine umenyooka kuelekea barabarani.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mji wetu kutoka juu. Tumezaliwa humo, tumezika humo, na ulipoletwa mbele yetu tuliuita wa Wamasai.

Ndipo nikajua mpiga picha alisimama wapi, siku hii na zile zote. Hakuketi kamwe nyuma ya kioo. Alikuwa anapanda minara.

"Alikuwa hapa," alisema mama. Kidole chake kilikuwa juu ya skrini, na safari hii picha haikuponyoka. "Alikuwa hapo juu, anatutazama."

"Ndiyo, mama."

"Hakuomba maji?"

Nilitamani aniulize jambo jingine lolote. "Alimtuma mwenzake," nilisema. "Nikamnyima. Nilidhani ni mwizi." Na kwa kuwa bado ilinichoma, nikaongeza, "Nilikuwa naoga!"

Angenifokea ningepata pa kushika. Hakunifokea. Aliinuka kwa magoti yake mabovu, akaingia ndani, akatoka na kata ya kibuyu imejaa maji mpaka ukingoni, akanipita, akaenda nje ya minyaa, akasimama anautazama mnara ambao haukuwa na mtu.

Nilipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana mtu aliye hai aliyeamini kwamba amefukuzwa anaweza kupotea kabisa, na hapo hata baba mdogo asingekuwa amekosea. Ningeweza kuandika, lakini ningeandika nini? Mimi mwenyewe huwa siamini maandishi ya simu. Basi nikafanya ambalo sijawahi kulifanya. Nikapiga goti kwenye vumbi, nikaielekeza kamera juu: mkono wa mama wenye mishipa, kata, maji yakitetemeka, na nyuma yake mnara umepanda mpaka mbinguni. Nikaituma kwenye kundi. Chini yake nikaandika, "Leo hapa."

Alama zikageuka za bluu, maana yake wote wameiona, naye pia. Jibu halikuja. Binamu peke yake aliuliza hapo ni wapi, na kama nimetumia droni.

Jumapili, baada ya misa, kuchuma kumekwisha, baba mdogo alikuja kuchukua nguo za kuzika. Nilimweleza habari ya picha. Aliitazama, akautazama mji, akaitazama tena. "Mchawi naye anajua mnapokaa," alisema. "Sauti yake mmeisikia?" Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye mti, na mama alikuwa amekalia sanduku.

Bodaboda ilisimama barabarani. Aliyeshuka alikuwa mwanaume mwenye ndevu, buti nzito miguuni, kofia nyekundu mkononi. Alitembea mpaka kwenye pengo la minyaa, akasimama pale bila kukanyaga ndani.

"Maji," alisema, chini sana, nikalisikia mimi tu niliyekuwa karibu na lango. Basi. Akafunga mdomo, kama inavyopaswa.

"Mnaona?" alinong'ona baba mdogo nyuma yangu. "Hasemi."

Nilitoka na kata. Nikamtazama kama ninavyotazama kitambaa. Ndevu sikuzijua. Mabega sikuyajua, yalikuwa ya mtu aliyezoea kuvuta kamba. Nilipompa, alishika kata kwa mikono miwili kama baba alivyokuwa anashika, akanywa, akanirudishia. Nikamwaga yaliyobaki kwenye zile buti. Nilikuwa nalia, na nikiwa nimeinama hapo hapo nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na bafuni, uliona?" Akatikisa kichwa kwa nguvu kama mtoto anayesingiziwa sukari. Nikaamua kumwamini, kwa jambo hilo moja.

Mama alikuwa ameshafika langoni. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba habari hizo za wachawi ni upuuzi wa watu wasio na kazi, na ndani ya mji wote yeye ndiye hakuwahi kulitamka neno msukule. Alimshika mwanawe kidevu, akakivuta chini mpaka kwenye jicho lake zima.

"Toa ulimi," alisema.

Yule mwanaume mwenye ndevu, mpanda minara, mbele ya baba yake mdogo na jembe lake, akafumba macho akatoa ulimi. Mama aliukagua taratibu, upande huu na upande ule, asiache hata ukingo.

"Upo," alisema, akamshika mkono akampeleka kaburini.